Wifi Yangu na Chupa ya Lita Tatu

Wifi yangu ni dobi. Ana miaka hamsini na moja, mikono imejengeka kwa kukamua mashuka ya watu, na sauti yake huingia nyumbani kabla yeye mwenyewe hajavua viatu. Alianza kufua akiwa na miaka kumi na minne, baba yao alipofariki, na kwa kazi hiyo akamlea mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye mume wangu. Habari hiyo nimeisikia mara nyingi mno. Niliisikia hata siku ya harusi yangu, nimekaa nimepambwa, naye akasimama kutoa nasaha bila kuombwa: "Huyu nimembeba mgongoni huku nafua. Leo nakukabidhi wewe, lakini mgongo wangu bado unamjua." Watu wakapiga makofi. Mimi nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Utaniuliza, mtu mwenye cheti na koti jeupe anamwonea wivu dobi kwa lipi? Namwonea. Nimemwonea kwa miaka kumi na sita, na sitaki kuzungukazunguka. Kazi yangu ni upimaji wa maabara katika hospitali kubwa, upande wa damu na mkojo. Natoka asubuhi nikiwa nimenyoosha kola, narudi jioni nanukia dawa, na mume wangu akiumwa na kichwa tu anasema, "Nitapita kwa Dada anikande." Mimi ndiye mtaalamu, lakini anayekanda ni Dada.

Mume wangu ni seremala wa milango na madirisha. Presha ya damu ilimla mafigo kimyakimya miaka mingi, naye kila kichwa kilipomuuma alisingizia vumbi la mbao. Siku miguu ilipovimba nilimpa kikopo, akaenda msalani, akaniletea mkojo wenye povu kama maji ya sabuni. Nilichovya kijiti cha kupimia. Kipande cha protini kilipaswa kubaki cha njano, kikawa kijani kibichi hata kabla sijamaliza kuhesabu. Nilijua kabla ya daktari. Baada ya mwaka mmoja alikuwa kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, na maji ya kunywa anapimiwa nusu lita kwa siku, chai ikiwemo. Mkojo alikuwa hatoi tena, ni vijiko viwili vitatu tu.

Daktari wa figo alipotaja habari ya kupandikizwa, sikumngoja amalize. "Chukua langu," nilisema. Mume wangu ni kundi O, na mtu wa O hapokei figo ila la mtu wa O. Langu ni B, nimelijua tangu chuoni. Hata hivyo niliingia maabara, nikajitoboa kidole, nikaweka matone kwenye kigae cheupe na kudondoshea dawa. Chembe zikashikana, zikafanya madonge, ambayo damu ya O haifanyi. Nikafungua chupa mpya ya dawa, nikarudia. Nikarudia mara ya tatu. Mtu aliyepima makundi ya damu miaka ishirini, amekaa anabembeleza kigae kimpe jibu jingine. Madonge ni yaleyale.

Jumapili iliyofuata ndugu walikusanyika sebuleni kwetu. Mama mkwe, anayekaa na wifi, alishika shavu akauliza, "Hivi figo lenyewe linafanya nini, hata likifa mtu anavimba hivi?"

Hapo ni kwangu, nikasema moyoni. Nikachukua karatasi na kalamu, nikachora. Nikawaeleza kwamba damu inaingia kwenye figo kwa nguvu ya msukumo wa moyo, na kwamba ndani ya kila figo mna vichujio vidogo karibu milioni moja. Kila kichujio ni kishada cha mishipa myembamba, na msukumo ule hukamua maji kutoka kwenye damu. Chembe za damu na protini ni kubwa, hubaki ndani. Maji, sukari, chumvi na taka hupita pamoja. "Kwa siku moja, mama, yanachujwa lita mia na themanini."

"Mia na themanini!" mama akashtuka. "Si mtu angeshinda chooni?"

"Ndiyo maana hayaendi chooni moja kwa moja. Yanapita kwenye mrija mwembamba uliojikunjakunja, na ukuta wa mrija unaokota karibu kila kitu na kukirudisha kwenye damu. Sukari yote inarudi, chumvi inayotakiwa inarudi, maji karibu yote yanarudi. Ukiwa na kiu, mwili unaamrisha yarudi mengi zaidi, ndipo mkojo unakuwa mzito na wa rangi kali. Kinachobaki ni lita moja na nusu hivi, kinashuka kwenye kibofu. Huo ndio mkojo."

Walikuwa wananisikiliza, nakwambia, wote. Kisha wifi akajipiga paja.

"Ah! Kumbe figo ni mimi! Mzigo wa nguo ukija namwaga kila kitu chini, mashuka, soksi, na funguo walizosahau mifukoni. Halafu naokota cha maana, kimoja kimoja, narudisha kikapuni. Uchafu unakwenda na maji. Sasa hapo kuna ugumu gani, mama?"

Sebule nzima ilicheka. Mume wangu, ambaye wiki nzima hakuwa amecheka, alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo kwenye ukoo wetu figo linaitwa dobi, na karatasi yangu mama aliiwekea birika la chai. Na kicheko hakijaisha, wifi akasema, "Basi mimi ni O, niliambiwa nikijifungua. Nitampa langu." Amesema vivi hivi, kama mtu anayeazima ungo. Mama alilia, shangazi zao wakamkumbatia. Mimi nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya sinki bila kuosha kitu. Nilifurahi, Mungu anajua nilifurahi, na katikati ya furaha ile wivu ulinibana. Kwamba atatembea na kipande cha dada yake tumboni mpaka anakufa, na mimi nitakuwa nalala pembeni ya kipande hicho.

Miezi miwili ya vipimo, wifi alikuwa bibi harusi. Akiumwa mgongo, ukoo mzima haulali. Mama akawa anamwekea finyango kubwa ya nyama. Vipimo vyote alivuka, kikabaki kile cha mkojo wa saa ishirini na nne.

Kipimo hiki nitakieleza, maana ndipo nilipokosea. Misuli ya mwili hutoa taka iitwayo kreatinini, kila siku kiasi kilekile. Figo huichuja na mrija hauiokoti tena. Kwa hiyo ukikusanya mkojo wote wa siku moja, ukapima kreatinini iliyomo, ukalinganisha na iliyo kwenye damu, unajua mafigo yanasafisha damu kiasi gani kwa dakika. Lakini lazima uwe mkojo wote. Mtu anapewa chupa ya lita tatu na masharti. Asubuhi ya kwanza, mkojo wa kuamkia unamwagwa, saa inaandikwa. Kuanzia hapo kila tone linaingia chupani. Asubuhi ya pili, saa ileile, unakojoa tena, na huo unaingia. Watu wengi huusahau huo wa mwisho, kwa hiyo sisi tunausema mara mbili.

Utaratibu wetu pia unasema sampuli ya ndugu yako mpe mwenzako. Sikumpa. Nilitaka iwe mikononi mwangu, kwa kuwa la kumpa mume wangu sikuwa nalo.

Wifi alikuja dirishani na mama mkwe nyuma yake, akaitangazia foleni yote: "Nimefuata chupa, jamani! Nampa mdogo wangu figo!" Watu wakamshangilia. Mzee mmoja akainuka akampa kiti. Naye akainama kwenye dirisha langu, akaninong'oneza kwa sauti inayosikika hadi getini, "Wifi, usijali, kila mtu na kipaji chake. Wewe utatupimia."

Wewe utatupimia. Nilimpa chupa. Nikamwambia wa kwanza mwaga, kuanzia hapo weka kila tone. Ule wa asubuhi ya pili nilikuwa nao mdomoni, na nikaumeza. Sikupanga, lakini nilipoumeza nilijua nimeumeza. Nikasema, "Anayefuata."

Chupa ilirudi na mililita mia saba na hamsini. Nilipomimina kwenye silinda ya kupimia niliona mkojo mweupe, wa mchana, hauna ule mzito wa usiku. Nikapima, nikapiga hesabu, ikaja mililita arobaini na tisa kwa dakika. Mtoaji anatakiwa awe na themanini au zaidi. Pale chini ya fomu kuna nafasi ya maoni, na mpimaji mwenye adabu angeandika: kreatinini ni ndogo mno kwa mwanamke wa mwili huu, huenda mkojo haukukamilika. Kalamu ilikuwa mkononi. Niliacha wazi, nikatia sahihi.

Daktari aliwaita wote ofisini kwake. Alisema damu ya Dada ni nzuri, ila kipimo cha mkojo kinaonyesha mafigo hayana nguvu ya kutosha, na yeye hawezi kumwondolea mtu figo akabaki na mashaka. "Kipimo amefanya mama hapa," akasema, akaninyooshea mkono kwa heshima. "Sina wasiwasi nacho." Wifi aliangua kilio, akajifunika uso na upande wa kanga. Mume wangu akamshika bega: "Usilie, Dada. Mimi hata sikutaka ukatwe." Nilisimama karibu na mlango, na wivu wangu, ambao ungepaswa kushiba siku hiyo, haukushiba. Hata akikataliwa, anayebembelezwa ni yeye.

Jioni ile mume wangu alikaa kitandani akaangalia mkono wake, pale sindano za mashine zinapoingia, palipofanya manundu. "Mke wangu," akasema, "nimechoka. Nitamaliza mwezi huu, halafu mashine basi. Usinibishie." Alisema taratibu, akajilaza akageukia ukutani. Ukiacha mashine ukiwa huna mafigo unabaki na wiki moja, ukibahatika mbili. Hilo tulilijua wote wawili.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilikwenda moja kwa moja kwa wifi. Uani kwake mashuka yalikuwa yametandazwa kwenye kamba safu nne, yeye amekaa kwenye kigoda na beseni la kusuuzia mbele yake. Hakunisalimu kwa makelele yake. Nikapiga magoti kwenye saruji iliyolowa, mimi, na sketi yangu ya kazini.

"Wifi, mafigo yako ni mazima. Ni mimi. Mkojo wa asubuhi ya pili ulitakiwa uingie, nami sikukwambia. Nilikuwa na wivu. Nimekuwa na wivu nawe tangu harusi yangu. Leo nakwenda kumwambia daktari, hata wakinifukuza."

Shuka lilining'inia mikononi mwake linachuruzika.

"Inuka," akasema. "Inuka, utalowa. Sharti hilo nililijua. Nesi wa kwa daktari alinipa karatasi, mtoto wa jirani akanisomea. Mkojo wa asubuhi niliuweka, wifi. Chupa ilikuwa imejaa nusu. Nikaibeba mpaka chooni, nikamwaga, nikabakiza pale ulipoona, nikaongeza maji kidogo ukapungua rangi."

Nilimkodolea macho. Hesabu ilikuwa imenipigia kelele tangu mwanzo, maana mkojo mmoja uliosahauliwa haupunguzi nusu nzima, na mimi sikusikia kwa vile nilikuwa najua kosa langu.

"Naogopa," akasema. "Naogopa kulazwa usingizi wa dawa, nisijue kama nitaamka. Siku ile sebuleni mdomo ulitangulia. Nilikuwa nachekesha watu, nikajikuta nimeshasema. Baadaye nitarudi nyuma vipi? Mama ananiwekea finyango, shangazi wananiombea. Ningewaambia dobi ameogopa wembe?"

Na mimi, nisamehe, nilifurahi. Kwa dakika nzima nilifurahi. Shujaa wao ni mwoga kama mimi! Halafu nikamkumbuka yule aliyegeukia ukutani, na furaha ikanitoka yote. Ningeweza kumlilia, kumshika miguu, kumtajia wiki zilizobaki. Lakini nimefanya kazi hospitali miaka ishirini, najua figo halitolewi kwa kusukumwa.

"Wifi, majibu yameshatoka na hakuna atakayekuuliza. Ukiamua yabaki hivyo, mimi sitafungua mdomo, na sitakulaumu." Kusema maneno yale kulinikata maini. Yeye akakamua shuka, akasema tu, "Nenda kazini."

Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Nilimpeleka mume wangu kwenye mashine, nikakaa naye, nikahesabu zamu zilizobaki kufika mwisho wa mwezi. Zilikuwa saba. Siku ya tatu asubuhi nilisikia mtu anagonga dirisha la maabara kwa pete. Alikuja peke yake, na foleni haikutangaziwa kitu. Midomo ilikuwa imekauka.

"Nipe chupa nyingine," akasema. "Na usidhani nimeacha kuogopa. Naogopa vilevile. Jana nimetapika mara mbili."

Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea asubuhi ile. Kundi la damu mtu hachagui, na miaka ya kubeba mtoto mgongoni ilimkuta hana la kufanya. Lakini hili alikuwa na ruhusa ya kulikataa, ruhusa nimempa mimi mwenyewe, na amekuja nayo mkononi akaiacha pale dirishani. Nilijiuliza kama mimi, baada ya kutapika mara mbili, ningekuja. Mpaka leo najiuliza. Nilimwita mwenzangu wa zamu ampe chupa na kumweleza masharti, nikaenda ofisi ya daktari.

Nilimwambia kwamba majibu ya kwanza si sahihi, kwamba mtoaji sikumweleza sharti la mwisho, kwamba niliona kasoro na sikuandika. Yote hayo ni kweli. La choo sikulitaja. Daktari alivua miwani, akaniangalia kama hanifahamu. Nilipata onyo la maandishi, na miezi sita nikahamishiwa kuosha vioo na kupanga vikopo. Kipimo cha pili, alichofanya mwenzangu, kilikuja tisini na nane.

Ukoo nao ukapata habari yao. Ati wifi mtu, yaani mimi, alimpunja dada wa watu maelezo kwa sababu ya kijicho, nusura amuue mume wake mwenyewe! Mama mkwe aliacha kula nyumbani kwangu. Shangazi mmoja alinitemea maneno kwenye korido ya hospitali hadi mlinzi akaja. Wifi alinipigia simu analia, nikamwambia ajikaze kisabuni, aje na mwili wenye nguvu, mengine aniachie.

Walifanyiwa upasuaji siku moja, vyumba viwili vinavyopakana. Figo la dobi lilipofunguliwa damu ndani ya mume wangu lilianza kazi palepale mezani, hata hawajamshona. Nilipoingia wodini niliangalia kwanza mfuko uliotundikwa ubavuni mwa kitanda. Mkojo ulikuwa unashuka kwenye mrija, tone kwa tone, wenye wekundu kidogo wa damu, na mfuko umefika mililita mia nne. Nilishika mfuko ule kwa viganja vyote viwili. Ulikuwa na joto. Miezi kumi na minne sikuwa nimeona kitu hicho kwake, nikalia mpaka nesi akaniletea kiti.

Akafumbua macho. Akanitafuta, akaniona, midomo ikacheza. Nikainama.

"Dada yuko wapi?" akauliza.

Kesho yake nikamwendea Dada, nikamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, nikamsukuma mwenyewe polepole kupita mlango wa wodi ya wanawake hadi kwa mdogo wake. Walishikana mikono. Mama mkwe alikuwa amekaa upande wa pili, hakunitazama. Kisha mume wangu akanigeukia, na kwa sauti ile ya mtu mgonjwa, isiyo na ukali wowote, akasema, "Umemwomba Dada msamaha?"

"Nimemwomba," nikasema.

Wifi akaniangalia. Macho yake yalijaa, akavuta pumzi, akamminya mdogo wake mkono. "Sikilizeni," akaanza. "Mama, nawe sikiliza. Kuna neno la ile chupa ambalo…"

Nilikamata vipini vya kile kiti nikakigeuza. "Amekaa sana huyu," nikasema, "mshono utamuuma." Naye akageuza shingo kunitazama, hajaelewa, nami nikamsukuma hadi koridoni. Figo katoa yeye. Moyo wa kurudi dirishani peke yake anao yeye. Sasa na sifa ya kusema ukweli mbele ya mama aichukue pia? Hapana. Ile lawama ilikuwa yangu, nimeibeba mwenyewe kwa ajili ya mume wangu, na sikuwa tayari kugawana naye.